Risala ya Wanachama wa Klabu ya Taekwondo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kukabidhi Mikanda, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Afisa Michezo wa Jiji,
Mwalimu Mkuu wa shule inayotuazima ukumbi,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanamichezo wenzetu, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa na afya njema. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako za Jumamosi ukaja kwetu. Tunajua mialiko ni mingi, na tunajua mchezo wetu haujazi Uwanja wa Sokoine kama mpira wa miguu. Umekuja, na tumefurahi sana.

Leo utawakabidhi wenzetu mikanda. Wengi wao wanatoka mkanda mweupe kwenda wa njano, baadhi wanapanda kwenda wa kijani na wa bluu, na wawili wanavaa mweusi. Macho ya watu wote yatakuwa kwa hao wawili, na wanastahili. Hata hivyo, tunaomba utusikilize kwanza habari za wale wa mkanda mweupe, kwa sababu ombi letu kubwa la leo linawahusu wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taekwondo ni mchezo wa Korea. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1955, na shirikisho la dunia ambalo leo linaitwa World Taekwondo lilianzishwa Seoul mwaka 1973. Mchezo ulioneshwa kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na ya Barcelona mwaka 1992, ukaanza kutolewa medali rasmi Sydney mwaka 2000. Kwetu Afrika, mwaka ambao vijana wanaupenda kuutaja ni 2016. Mwaka huo, kule Rio de Janeiro, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alishinda fainali kwa teke la sekunde ya mwisho kabisa, akaipatia nchi yake medali ya dhahabu ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki. Mashindano hayo hayo Abdoul Razak Issoufou wa Niger alichukua medali ya fedha, na Ruth Gbagbi, naye wa Côte d'Ivoire, akachukua shaba. Jirani zetu Wakenya walimpeleka Faith Ogallo kwenye Olimpiki ya Tokyo. Hatutaji majina haya kwa kujipamba. Nchi hizo si tajiri kuliko yetu kiasi cha kutufanya tukate tamaa, na mchezo huu hauhitaji uwanja wa nyasi wala bwawa la kuogelea. Unahitaji sakafu nzuri, mwalimu na muda.

Anayejiunga nasi haanzi na teke. Siku ya kwanza anafundishwa kuvua viatu mlangoni, kuinama kwa heshima anapoingia, kufunga mkanda wake mwenyewe, na kusimama wima anaposikia amri ya "charyeot". Amri zetu ni za Kikorea popote mchezo huu unapochezwa, hivyo mtoto aliyefundwa hapa Mbeya akiingia ukumbi wa Nairobi au wa Seoul hapotei. Baada ya hapo ni kusimama. Upo msimamo mfupi kama wa mtu anayetembea, na upo mrefu ambao goti la mbele linakunjwa na mguu wa nyuma unanyooka. Watoto wengi huchoka hapa. Wamekuja wakiwa wameona kwenye simu watu wakiruka hewani wakizunguka, nasi tunawaambia warudie kupiga hatua, kuzuia chini, kupiga ngumi ya kifua, wageuke, waanze upya. Huo ndio mwanzo wa Taegeuk Il Jang, mpangilio wa kwanza wa hatua na mapigo katika mipangilio minane ambayo kila mwanafunzi wa upande wetu, yaani wa World Taekwondo, lazima aimalize kabla ya mkanda mweusi.

Wapo wanaoacha katika kipindi hiki, na hatuwalaumu. Lakini msimamo wetu kama klabu ni kwamba kipindi hiki hakifupishwi. Mkulima wa Uyole hafukui viazi kila wiki kutazama kama vimenenepa. Nasi hatumpandishi mtoto mkanda kwa sababu mzazi ameuliza mara nyingi au kwa sababu rafiki yake ameshapanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tueleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu ombi letu limesimama juu yake. Teke linalotumika zaidi kwenye pambano ni lile la mduara, dollyo chagi. Anayetazama anaona mguu unaopiga. Mwalimu anatazama mguu uliobaki chini. Mguu huo lazima uzunguke juu ya nyayo ya mbele, kisigino kielekee kwa mpinzani, ndipo nyonga ifunguke na teke lifike. Usipozunguka, mwili wote unageuka huku unyayo umeganda, na msokoto wote unaishia kwenye goti. Sasa, Mheshimiwa, sisi tunafanya mazoezi pekupeku kwenye saruji iliyochubuka. Mahali penye nyufa na kokoto nyayo haizunguki. Mtoto anajifunza bila kuambiwa kwamba kuzungusha mguu kunauma, anaacha kuuzungusha, na tabia hiyo akishaizoea inachukua muda mrefu sana kumtoa. Tunaye kijana hodari ambaye amekaa nje kwa sababu ya goti. Mwezi Julai, jiji letu likiwa juu takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, saruji hiyo asubuhi ni baridi kiasi kwamba nusu ya kipindi inaisha kwa kupasha misuli moto tu, na hatuthubutu kuipunguza, maana misuli iliyopoa ndiyo inayochanika.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na ndilo tungependa likumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa, ni sakafu. Tunaomba mikeka ya sponji ya kuunganishwa, ya kutosha eneo la mita nane kwa nane, ambalo ndilo eneo la pambano la kimataifa. Tumewahi kuulizwa na wasamaria wema kama tungependa kombe na medali kwa ajili ya bonanza. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini tukipewa kuchagua, tunachagua mikeka. Kombe litabebwa na mtu mmoja kwa siku moja, ilhali juu ya mkeka mtoto wa mkanda mweupe atajifunza kuanguka bila kuogopa, na asiyeogopa kuanguka ndiye anayethubutu kurusha teke la juu.

Wazazi mliopo hapa, baadhi yenu mlituuliza mlipoleta watoto: je, hawatakuwa wagomvi? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni amri inayoitwa "kalyeo". Mwamuzi akiitamka, wote wawili wanaacha na kutengana hapo hapo, hata kama teke lilikuwa njiani na ushindi ulikuwa unaonekana. Anayepiga baada ya amri hiyo anapewa adhabu na mpinzani wake anaongezewa pointi. Mtoto anayerudia zoezi hilo kila Jumamosi, la kuacha akiwa amekasirika, anajifunza kitu ambacho sisi watu wazima wengi hatukufundishwa. Na sheria ya klabu mnaijua: atakayemtumia mwenzake mateke shuleni au mtaani anavua mkanda, anakaa pembeni, na mzazi anaitwa.

Kuhusu safari ya mikanda yenyewe hatutasema mengi, maana mtaiona leo. Baada ya mweupe ni njano, kijani, bluu, nyekundu, na katikati yake kuna hatua ndogo. Kwa anayehudhuria bila kukosa, kutoka mweupe hadi mweusi huchukua miaka mitatu hadi mitano. Akija mtu akiahidi mkanda mweusi kwa miezi sita kwa bei fulani, wazazi, shikeni fedha zenu. Mkanda mweusi unaotambulika upande wetu ni ule wenye cheti cha Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyoko Seoul tangu 1972. Mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi dan, yaani daraja la mkanda mweusi. Hupewa poom, daraja la watoto, na mkanda wake una rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Na ukishaipata dan ya kwanza, unasubiri angalau mwaka mmoja kufanya mtihani wa dan ya pili, miwili kufanya wa tatu, na mitatu kufanya wa nne. Hawa wenzetu wawili wa leo wanalijua hilo, na Jumatatu watakuwa mstari wa mbele wakirudia msimamo ule ule mrefu pamoja na wanaoanza.

Tuongeze neno kwa mzazi anayetarajia kuhama Mbeya. Ipo taekwondo ya upande wa World Taekwondo, ambayo ndiyo ya Olimpiki na ndiyo yetu, na ipo ya ITF (International Taekwon-Do Federation), shirikisho lililoanzishwa mwaka 1966, lenye mipangilio yake tofauti na linaloruhusu ngumi za kichwa. Zote ni nzuri zikifundishwa vizuri. Uliza kabla ya kumwandikisha mtoto, ili asije akaanza upya bila kutarajia.

Katika mtihani, sehemu inayopendwa na watazamaji ni kuvunja ubao. Mbao zetu ni vipande vya paina vinavyotoka misitu ya Mufindi, na tunavipata kwa hisani ya mafundi seremala ambao hutuwekea mabaki makavu. Ubao mbichi haupasuki vizuri, na unaumiza. Ubao unashikwa ili pigo lifuate nyuzi zake, na anayepiga analenga nyuma ya ubao, si usoni pake. Anayesita ndiye anayeumia, kwa sababu nguvu yote inarudi kwenye mguu wake. Tunawashukuru mafundi hao, hasa kwa kuwa hawajawahi kutudai hata shilingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya sakafu tunayo maombi mengine matatu.

Tunaomba utusaidie kupata barua rasmi ya kutumia ukumbi huu Jumamosi na Jumapili mwaka mzima. Mwalimu Mkuu ametufadhili kwa wema wake, lakini wema wa mtu mmoja unaweza kuhama naye. Kila ukumbi unapohitajika kwa mitihani au vikao tunarudi uwanjani, na msimu wa mvua, kama unavyoujua msimu wa mvua wa Mbeya, tunakaa bila mazoezi kabisa.

Tunaomba pia kinga za kifua, za kichwa na za ugoko. Tulizonazo ni chache, zinavaliwa kwa zamu zikiwa bado na jasho la aliyetangulia, na wadogo wanavaa za wakubwa zinazowapwaya. Katika klabu yetu yupo kijana mwenye ulemavu wa mkono. Taekwondo iliingia kwenye Paralimpiki ya Tokyo, na mapambano yake ni hasa kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu wa mikono. Mlango upo wazi kwake. Hatutaki azuiwe na kukosa kinga inayomtosha.

Ombi la mwisho linahusu kazi. Sare ya taekwondo inayoagizwa kutoka nje ni ghali kwa mzazi anayeuza nyanya Mwanjelwa. Wasichana wetu wawili ambao wanajifunza ushonaji walijaribu kushona sare kwa kitambaa kizito cha pamba, na baadhi ya watoto utakaowaona leo wamezivaa. Zimeshonwa vizuri, na mshono wa chini ya kwapa na wa kati ya miguu, ambao ndio huchanika kwanza, wameushona mara mbili. Wanataka kuunda kikundi cha vijana na kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, na kati ya asilimia hizo 10, asilimia 4 ni za vijana. Tunaomba Maafisa Maendeleo ya Jamii wawaelekeze jinsi ya kusajili kikundi na kuandika andiko la mradi. Hawaombi kupewa bure. Wanaomba kuelekezwa.

Tunawashukuru walimu wetu wanaofundisha baada ya kutoka kazini kwao, wengine wakitumia nauli zao kutoka Iyunga na Uyole. Tunawashukuru wazazi mnaowangoja watoto jioni zenye baridi. Tunamshukuru mtahini aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kutupima, na ambaye aliwaambia watatu kati yetu kwamba bado hawajawa tayari. Wenzetu hao watatu wapo hapa leo, wamevaa sare zao, wamekaa mstari wa pili. Tunaomba wapigiwe makofi.

Baada ya risala hii, Mheshimiwa, wanafunzi wa mkanda mweupe wataonesha Taegeuk Il Jang, watafuata wa mkanda mwekundu kwa pambano la raundi moja, kisha wenzetu wawili watavunja mbao. Ndipo tutakuomba usimame ukabidhi mikanda, ukianza na wale wa njano.

Tunaomba kuwasilisha.