Kujipaka Mekapu Mwenyewe: Kwa Nini Uso Unageuka Jivu na Mekapu Inakatika

Wanaokuja kujiandikisha kwenye darasa letu huleta malalamiko mawili zaidi ya yote. La kwanza: "Nikijipaka mwenyewe uso unakuwa jivu." La pili: "Baada ya saa mbili mekapu imeshakatika puani." Wengi hudhani dawa ni kununua faundesheni ya bei kubwa zaidi. Mara nyingi chupa haina kosa. Kosa liko kwenye rangi uliyochagua, kiasi ulichopaka na kile kilichotangulia chini yake.

Tuanze na jivu. Ngozi ina rangi unayoiona, na chini yake kuna rangi nyingine inayochungulia: umanjano, wekundu, au mchanganyiko wa hizo mbili. Ngozi ya maji ya kunde yenye umanjano ikipakwa faundesheni yenye wekundu, au iliyo nyeupe kuliko ngozi yenyewe, lazima ipauke. Usipime rangi mgongoni mwa mkono, maana mkono na uso mara nyingi havifanani. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kwenye taya kushuka shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana, kisha subiri dakika 10 hadi 15. Usiruke hatua hiyo ya kusubiri, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zikishakauka na kukutana na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea machoni ndio rangi yako.

Jivu jingine hutokea chini ya macho, na hapa ndipo tunapotumia muda mrefu zaidi darasani. Weusi wa pale una ubluu ndani yake. Ukiuwekea konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) nyeupe moja kwa moja, ubluu haufi, unachanganyika na weupe na kuwa kijivu. Kinachouzima ni krimu ya kurekebisha rangi (corrector), ya rangi ya chungwa kwa ngozi nyeusi, au ya pichi kwa ngozi nyeupe zaidi. Kiasi ni punje moja ya mchele kwa kila jicho, tena pale penye weusi tu, si eneo lote. Igongegonge taratibu kwa kidole cha pete, kwa kuwa hakina nguvu kama vingine, hadi kingo zipotee. Halafu weka konsila nyembamba juu yake. Kabla ya poda, tazama juu, lainisha vile vijistari vilivyojikunja, kisha weka poda papo hapo. Ukichelewa hata dakika chache, konsila inajikusanya kwenye mikunjo na poda inaifungia humo humo.

Poda nyeupe isiyo na rangi nayo ina lake: kwenye kioo haionekani, lakini flashi ya kamera ikipiga, uso unatoka na mabaka meupe. Jipige picha moja kwa flashi kabla ya kutoka nyumbani.

Kukatika kwa mekapu huanzia kwenye maandalizi. Krimu ikishapakwa ipe dakika 5 hadi 10 iingie. Ukikimbilia faundesheni juu ya krimu mbichi, inateleza. Angalia pia praima yako, yaani ile inayopakwa kabla ya faundesheni. Ile ya silikoni, ambayo viambato vyake vya mwanzo huishia na "cone" au "siloxane", mara nyingi haielewani na faundesheni ya maji: ukipitisha sponji unaona vijipunje vinaviringika kama takataka za ufutio. Vikishatokea, usiongeze kitu juu. Futa sehemu hiyo, anza upya.

Kwa uso mzima, pampu moja ya faundesheni hutosha kuanzia. Anza katikati, pembeni mwa pua na mashavuni, sambaza kuelekea nje. Karibu na masikio hapahitaji karibu chochote. Lowesha sponji hadi ivimbe, ikamue ndani ya taulo hadi isidondoke, kisha gandamiza, usiburute. Puani pitisha mabaki tu yaliyobaki kwenye sponji, kwa sababu ndipo mafuta yanapotoka kwa wingi na tabaka nene hupasuka kwanza pale. Ukiacha ile ya chini ya macho, poda iishie kwenye paji la uso, pua na kidevu. Mafuta yakitokea mchana, yanyonye kwanza kwa tishu. Poda juu ya mafuta inaganda mabonge.

Kope bandia, kwa kifupi: zipime kwenye jicho lako, kata upande wa nje, paka gundi na usubiri kama sekunde 30 hadi inate. Maskara itupwe baada ya miezi 3, na tunasisitiza, usiazimane. Brashi zioshwe kila wiki na zianikwe zikiwa zimelala, maana maji yakiingia kwenye shina gundi inaachia na nywele zinang'oka. Bidhaa mpya ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa saa 24.

Darasani mwalimu anakupaka nusu ya uso akieleza kila hatua, kisha nusu ya pili unaipaka wewe mwenyewe huku yeye ameweka mikono chini. Njoo uso ukiwa umeoshwa, bila krimu, na ulete mkoba wako wote wa vipodozi, hata vile ulivyokata tamaa navyo. Usinunue chochote kipya kabla ya siku hiyo.