Kabla ya Hidaya, Unguja ilipigwa mwaka 1872

Ndugu Mhariri,

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, wengi walisema, na baadhi bado wanasema, kwamba pwani yetu haijawahi kuona jambo kama hilo. Si kweli. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa; hiyo ni mojawapo ya sababu za Pemba kuongoza kwa karafuu tangu hapo. Aprili 1952 zamu ikawa ya Lindi. Naiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa iyataje matukio haya mawili kila inapotoa tahadhari ya kimbunga.

Msomaji wenu,
Unguja