Harambee ya Darasa la Tano: watoto wetu waujue msitu wa Pugu

Ndugu wazazi na walezi, majirani zetu wa Gongo la Mboto na Ulongoni hapa Dar es Salaam, nanyi nyote mliopita kwenye madarasa haya kabla ya watoto wetu: salaam kutoka shuleni.

Mwezi wa pili niliwaambia wanafunzi wa Darasa la Tano wachore mnyama wa porini anayeishi karibu na kwao. Walichora simba, tembo na twiga. Mmoja alichora pundamilia, akaandika chini yake "Mikumi". Hakuna aliyechora komba, hakuna aliyechora sange. Nilipouliza nani amewahi kuingia msitu wa Pugu, kati ya watoto 180 wa mikondo mitatu walinyoosha mikono wanne tu, na wawili kati yao walikuwa wamepita barabarani kwa daladala wakienda kwa bibi Kisarawe.

Msitu huo uko nauli moja kutoka hapa. Unapanda gari la Kisarawe, konda anamaliza kuita vituo vya Pugu, na kabla hamjafika Kisarawe mjini miti imeshaifunga barabara kushoto na kulia. Hiyo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 7,000. Kila Jumamosi tunaona magari kutoka mjini yakitupita na baiskeli zimefungwa nyuma na mahema juu. Wanakwenda kutembea msituni, kuangalia ndege, kulala kambini, kupunga upepo. Ni vizuri waje, na waje wengi zaidi, kwa sababu viingilio vyao vinasaidia kuutunza msitu. Kinachoniuma ni kwamba mtoto aliyezaliwa mlangoni pa msitu anausikia tu.

Mwaka jana tulijaribu. Watoto 22 wa klabu yetu ya Malihai, ile ya wanafunzi wanaojifunza kuhifadhi mazingira, wengi wao wa madarasa mengine, walikwenda kwa michango ya wazazi wao. Nawasimulia jambo moja tu la siku ile. Tulikuwa tumesimama kimya, muongozaji ameinua mkono, na majani makavu yakawa yanachakarika mbele yetu. Akatokea mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia, mbele ana rangi ya kutu, nyuma mweusi. Mtoto mmoja akanong'ona, "Mwalimu, panya!" Muongozaji akamwambia huyo si panya, ni sange. Anaishi na mwenzake mmoja, wanajenga viota vya majani ardhini, na wataalamu wanaochunguza nasaba za wanyama wanamweka karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Mtoto yule alibaki mdomo wazi. Wiki nzima iliyofuata, wakati wa mapumziko, alikuwa akiwasimamisha wenzake na kuwaeleza kwamba Pugu kuna ndugu yake tembo anayeenea mkononi. Huyo ni mtoto ambaye kwa miaka miwili nilikuwa simsikii akijibu swali darasani.

Yuko na mwingine ambaye hatukumwona, maana hutoka usiku: komba wa Rondo. Ana uzito wa kama gramu 60, sawa na yai moja la kuku, na mkia wenye manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani kuanzia kusini hadi Bagamoyo, na kimojawapo ni hiki chetu. Amewahi kuorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Watafiti wamesafiri kutoka Ulaya kuja kusikiliza sauti yake gizani. Ndiyo maana safari hii tunataka watoto wabaki hadi saa moja na nusu usiku, na tutaomba kibali cha kufanya hivyo. Jioni hiyo pia wataona popo wakitoka kwa makundi kwenye mahandaki ya zamani yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini. Tutasimama nje na mbali na mlango. Ndani ya mahandaki hataingia mtoto yeyote, na hilo halina mjadala.

Njiani tutawaonyesha Pugu Sekondari, mahali ambapo Mwalimu Nyerere alifundisha hadi Machi 1955, alipoacha kazi ili kuishughulikia TANU.

Sasa niseme kuhusu mto. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Ukitoka huko unashuka hadi kwetu, unapita Vingunguti, unafika Jangwani, halafu unaingia baharini pale Daraja la Selander. Watu wa Ulongoni hawahitaji kufundishwa mto huu unafanya nini mvua zikizidi, na mafuriko ya Desemba 2011 kule bondeni hatujayasahau. Mlima wenye miti hupokea mvua taratibu: majani yanapunguza kishindo cha matone, mizizi na mboji vinanywa maji na kuyaachia kidogo kidogo. Mlima uliokwanguliwa unayatupa yote kwa mara moja, pamoja na tope lake. Sisemi msitu peke yake ungezuia mafuriko. Tumejenga bondeni, tunachota mchanga, tunatupa taka mtoni, na hayo ni yetu sisi. Lakini chanzo kikikatwa, huku chini hatutakuwa na pa kushika. Na kimeshakatwa sana. Kwa miaka mingi Pugu na Kazimzumbwi zimeingiliwa kwa mkaa, nguzo, mbao na mashamba, na mkaa huo ulikuwa na wanunuzi: jiji hili, jikoni kwetu.

Hapo ndipo kamati ya shule ilipobishana usiku mzima. Mama mmoja aliuliza: tutawapeleka watoto wakaimbiwe habari za miti, halafu kesho yake tuwapikie uji kwa kuni? Alikuwa na haki. Jiko letu la shule bado lina mafiga matatu na moshi unaowaliza wapishi kila asubuhi. Kwa hiyo harambee hii ina mambo mawili na hatutaki kuyatenganisha: safari ya Darasa la Tano zima, na jiko kubwa la gesi la kupikia uji.

Hesabu tuliyokubaliana kwenye kikao ni hii. Kukodi basi safari tatu, watoto 60 kila safari, shilingi 1,350,000. Viingilio na waongozaji, 750,000. Chakula na maji, 540,000. Darubini kumi za kuangalizia ndege, zitakazobaki kuwa mali ya shule, 1,500,000. Jiko la gesi pamoja na mitungi na ufundi, 2,400,000. Jumla ni shilingi 6,540,000. Wazazi wa Darasa la Tano wameshachanga 1,140,000, wengine kwa kuleta elfu mbili mbili kila wiki. Zimebaki 5,400,000, ambazo zikigawanywa ni 30,000 kwa kila mtoto. Mwenye uwezo amchukue mtoto mmoja. Wenye uwezo mdogo mjiunge watatu au watano mumchukue mmoja. Mtoto ambaye mzazi wake hana kitu atakwenda vilevile, wala jina lake halitasomwa mbele ya watu.

Najua lipo swali la usalama, na mzazi asiyeliuliza angenishangaza. Hatutoki bila kibali cha Afisa Elimu. Basi litakaguliwa na askari wa usalama barabarani kabla ya kuondoka. Kila watoto kumi watakuwa na mtu mzima mmoja, na tunahitaji wazazi wa kujitolea, hasa kina mama na kina baba walio wauguzi. Tunakwenda Julai na Agosti, masika yakiwa yamekwisha na njia za msituni zimekauka. Watoto wavae viatu vya kufunika miguu na suruali ndefu. Asiye na viatu aniambie mimi mapema, tusimwache mtu kwa sababu ya viatu. Na kila kikundi kitabeba mfuko wa taka zake na kurudi nazo.

Mchango upelekwe kwa mweka hazina wa kamati, ofisi ya shule, siku za kazi saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na usiondoke bila stakabadhi. Mtu yeyote akikupigia simu kuomba pesa kwa jina letu, usimpe, kwa sababu hatukusanyi kwa simu. Tunapokea pia vitu: mchele, maji ya chupa, kofia, darubini iliyotumika lakini bado inaona vizuri, hata mtungi wa gesi. Wahitimu wenye mabasi au walio na ndugu wenye mabasi, tupunguzieni hiyo 1,350,000.

Harambee yenyewe tutaifanya Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Kutakuwa na ngoma ya watoto, uji wa kuni kwa mara ya mwisho tukijaliwa, na ile michoro 180 tutaitundika ukutani. Kila mchangiaji atachagua mchoro mmoja. Tukitoka Pugu, mtoto aliyeuchora atamchorea mwingine.