Barua kwa Mwanangu: Majira ya Baridi katika Shule Yako ya Awali

Chicago, Februari 2026

Mwanangu mpenzi,

Kila anapopiga simu, bibi yako aliye Tanga huniuliza unajifunza nini katika shule hiyo, kwa kuwa picha ninazomtumia zinakuonyesha umepiga magoti kwenye theluji au umejaa unga hadi kwenye nyusi, na hajaona hata moja iliyokukuta na daftari. Nimeamua kumjibu kwa kukuandikia wewe, ili utakapokuwa mkubwa na kuyasahau mambo haya, kama watoto wa miaka minne wanavyosahau mengi, uwe na maandishi ya baba yako yanayoeleza ulivyoupitisha msimu huu wa baridi katika shule ya awali ya Kiyahudi, shule ambayo mama yako alitamani uisome tangu ulipokuwa mchanga, na ambayo mimi niliyekulia pwani nimeipenda kwa moyo wote.

Masomo yenu huanzia kwenye korido. Kutoka nje kucheza mwezi wa Januari kunahitaji suruali ya theluji, buti, koti, kofia na glavu, tena kwa mpangilio huo huo, maana aliyetanguliza glavu hawezi tena kufunga zipu. Walimu hawawavishi. Wamewafundisha kulitandaza koti sakafuni, kola yake ikielekea miguuni penu, kisha kuinama, kupenyeza mikono yote miwili na kulirusha juu ya kichwa, likateremka lenyewe mgongoni. Ulipolifanya hivyo nyumbani kwa mara ya kwanza uligonga taa ya mezani, na bado uligeuka kunitazama kwa fahari kubwa. Mtu mwenye haraka angeuona muda wa kuvaa kuwa umepotea, lakini ni katika muda huo ndipo mnapojifunza kusubiriana, na kumwendea mwenzenu ambaye zipu yake imekwama bila kutumwa na mtu mzima.

Huko nje mnachimba, mnavutana kwa visahani vya kuteleza, mnajenga kuta ambazo hubomolewa na kikundi kingine kabla hazijakamilika. Siku moja mliingiza darasani chupa pana mliyoijaza theluji mpya hadi ukingoni, mkachora mstari kwa kalamu nyekundu mahali theluji ilipofikia, mkaiacha karibu na dirisha. Baada ya chakula cha mchana maji yalikuwa yamelala chini kabisa ya chupa. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 kwa kawaida hutoa maji ya sentimita moja hivi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni hewa. Wewe uliniambia jioni ile, kwa Kiswahili chako, kwamba theluji “ilikuwa imejaa upepo”, na sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Mwalimu alikuwa ameyaandika maneno ya kila mtoto na kuyabandika ukutani pamoja na picha ya chupa. Utaratibu huo wa kuyasikiliza na kuyahifadhi mawazo ya watoto ulitokea katika mji wa Reggio Emilia nchini Italia baada ya Vita Kuu ya Pili, na shule nyingi za awali za Kiyahudi za Marekani zimeupokea kana kwamba ni wao tangu mwanzo.

Mwezi wa Desemba jua la Chicago huzama karibu saa kumi na dakika ishirini jioni, jambo ambalo bibi yako haliamini, kwani kwao Tanga mwaka mzima jua halizami kabla ya saa kumi na mbili. Katika giza hilo ndimo Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa ya siku nane, ilimoingia, kuanzia jioni ya tarehe 14 Desemba. Ulitengeneza kinara chako mwenyewe: ubao mfupi ulioupiga msasa, na nati tisa za chuma ulizozibandika kwa gundi, nane kwa ajili ya usiku nane na moja, iliyopandishwa juu ya nati nyingine, kwa ajili ya mshumaa mtumishi unaowasha mingine. Nyumbani tuliutumia ubao huo badala ya kinara cha fedha cha mama yako. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, ikaongezwa kuelekea kushoto, lakini kuwasha huanza na ule mpya wa kushoto. Wewe ndiwe uliyenisahihisha usiku wa pili. Ukiihesabu mishumaa yote ya usiku nane pamoja na mtumishi utapata 44, na ulikuwa ukiitoa kwenye kasha na kuipanga mezani kila siku ili uone iliyobaki.

Walimu waliwasimulia habari za Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi walioasi utawala wa mfalme Antioko na kulitakasa upya Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo, na za mafuta ya taa ya Hekalu, ya siku moja tu, yaliyowaka siku nane. Walisimulia kwa kiasi kinachomfaa mtoto, bila kuwatisha kwa vita. Kwa sababu ya mafuta hayo mlikuna viazi mkakaangiwa latke, mkala na mandazi yenye jemu ndani. Mlicheza na pia, kile kichezeo cha kuzungusha, yenye pande nne na herufi nne za Kiebrania: kuna upande usiokupa kitu, wa kuchukua vyote, wa kuchukua nusu, na wa kutoa chako. Mlichezea zabibu kavu. Zamu moja pia hiyo ikakuangukia kwenye upande wa nusu wakati chunguni mna zabibu saba, na mwalimu hakuwapa jibu. Mligawana tatu kwa tatu, mkabishana juu ya ile moja, hadi ulipoikata kwa meno na kurudisha kipande chunguni, na wenzako wote wakakubali kuwa ni haki.

Ijumaa ndiyo siku ninayoipenda zaidi. Asubuhi mnasuka mkate wa hala, ule wa Sabato, mashada matatu ya kinyunya, na kila mtoto hurudi na mkate wake mdogo ndani ya mfuko wa karatasi, mwingine umenyooka na mwingine umejikunja kama kiatu. Mnasema baraka za mishumaa, za maji ya zabibu na za mkate, kisha kila mmoja anatumbukiza sarafu katika sanduku la sadaka. Mwezi uliopita lilifunguliwa, na mkaulizwa fedha zifanye nini. Mlijadiliana siku kadhaa, mkachagua kuwanunulia soksi na glavu watu wasio na makazi, kwa hoja yenu kwamba baridi mnaijua. Jioni mama yako huwasha mishumaa ya Sabato dakika 18 kabla ya jua kuzama, na wewe huweka hala yako pembeni mwa ile kubwa.

Chakula cha shuleni hufuata kosha, sheria ya Kiyahudi ya vyakula isiyoruhusu kuchanganya nyama na maziwa, hivyo sikufungii nyama, wala korosho ambazo bibi yako hututumia, kwa ajili ya usalama wa wenzako wasioweza kuvumilia karanga na jamii yake. Korosho zako zinakungoja nyumbani.

Lipo pia jambo zito. Mlango wa shule yenu hufungwa muda wote na mlinzi husimama hapo, na wewe humpungia mkono kila asubuhi kama rafiki. Oktoba 27, 2018, watu 11 waliuawa katika sinagogi mjini Pittsburgh wakiwa katika sala ya Sabato, na tangu siku hiyo jumuiya nyingi za Kiyahudi za nchi hii zimezidi kuimarisha ulinzi. Nakuandikia haya ili uyapate kwangu, si kwa mtu mwingine, na ujue kwamba mimi na mama yako tulilijua hilo tulipokuandikisha, tukakuandikisha.

Mwisho wa Januari ilifika Sabato ya Wimbo, inaposomwa katika Torati habari ya Waisraeli waliovuka bahari wakaimba. Iko desturi ya kuwalisha ndege wakati huo. Mlipaka mafuta ya mboga kwenye koni za misonobari, mkazigaragaza katika mbegu za alizeti na kuzitundika uani, na akaja kardinali, ndege mwekundu asiyehama hata theluji ikijaa. Siku mbili baadaye ilikuwa Tu Bishvat, tarehe 15 ya mwezi wa Shevati katika kalenda ya Kiyahudi, mwaka mpya wa miti. Nchini Israeli milozi ilikuwa ikichanua maua, huku ardhi yetu ikiwa ngumu kama sementi. Mlionja tini, zeituni, komamanga na tende, na ukamweleza mwalimu kwamba tende unazifahamu kwa sababu bibi hufuturu nazo. Kisha mkapanda mbegu za paseli katika vikombe vya karatasi, ili majani yake yachovywe katika maji ya chumvi mezani jioni ya Pasaka ya Kiyahudi, Aprili mosi. Mbegu hizo huchelewa sana kuota. Yako imechipua juzi tu, na umeniomba nisimwambie mtu hadi wewe mwenyewe umpigie bibi.

Sasa maandalizi ni ya Purimu, sikukuu ya kukumbuka Wayahudi walivyookolewa enzi za malkia Esta, itakayofika Machi 3. Kitabu cha Esta kitasomwa, nanyi mtapiga kelele kwa nguvu zote kila jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza, litakapotajwa, na mmeshaanza kutengeneza kayamba za mikebe na maharage. Umechagua kuvaa kama kardinali. Mama yako ameyakata mabawa kwa kitambaa chekundu, na kazi ya kuyashona imeniangukia mimi; bawa la kulia liko tayari, na jioni ya leo utalijaribu juu ya koti ili tujue kama mkono utainuka.

Akupendaye,
Baba yako