Barua kwa wanangu mnaojaza fomu za Oxford na Cambridge

Wanangu,

Salaam nyingi kutoka Oxford. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeishi mji huu miaka ishirini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo nimeimaliza nikisafisha vyumba vya wanafunzi katika koleji mbili za chuo kikuu hiki. Nimestaafu sasa, lakini kila ikikaribia Septemba simu yangu hujaa ujumbe. Mtoto wa jirani yetu wa zamani yuko Arusha, mpwa wa rafiki yangu yuko Kisumu, kijana mwingine kazaliwa Leicester kwa wazazi wa Unguja, na wote swali lao ni moja: "Shangazi, nichague koleji gani?" Miaka yote nimejibu mmoja mmoja. Safari hii nawajibu wote kwa pamoja, na mtanisamehe nikisema kwa urefu.

Nasema koleji kwa makusudi, maana neno chuo litatuchanganya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki, na ndaki unaingia kwa sababu ya fani yako. Wazee waliosoma Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kile kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, walikuwa na koleji tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka sheria alikwenda Dar, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Fani ndiyo iliyokupeleka. Huku sivyo. Koleji moja ina wa sheria, wa fizikia, wa historia na wa Kiarabu, wote wanakula ukumbi mmoja. Mihadhara, maabara na mitihani ni vya chuo kikuu, na shahada ni ya chuo kikuu. Koleji inakupa chumba, chakula, maktaba, mtu wa kumwendea ukiugua au ukifiwa, na yale masomo ya kukaa wanafunzi wawili watatu mbele ya mwalimu kila wiki, ambayo ndiyo sifa kubwa ya Oxford na Cambridge. Na hata hayo, mara nyingine mwalimu wako hutoka koleji nyingine.

Kwa hiyo koleji ni nyumba. Ukilishika hilo, nusu ya wasiwasi wako umekwisha.

Najua kinachowasumbua ni majina. Oxford ina koleji zaidi ya thelathini, Cambridge ina 31, na kila moja ina mnara, bustani na picha nzuri. Merton iliundwa 1264, Peterhouse ya Cambridge 1284, na mtu akisikia hivyo anaona kama koleji ya juzi itamshushia hadhi. Mchagua jembe si mkulima. Hakuna mwajiri Dar es Salaam wala Nairobi atakayekuuliza ulilala jengo la karne ya ngapi. Wala msijisumbue kutafuta koleji yenye waombaji wachache mkidhani mtapenya kwa mlango wa nyuma. Walimu wa hapa wanalijua jambo hilo, na wana njia ya kulisawazisha. Oxford, koleji iliyojaa huwapeleka waombaji wazuri wakasailiwe kwingine. Cambridge kuna kapu linalofunguliwa Januari, ambamo koleji huwachukua wazuri waliokosa nafasi kwa wenzao. Kijana mmoja wa Nairobi alipokelewa na koleji ambayo hakuiandika kwenye fomu, na baba yake akanipigia kuniuliza kama mwanawe ameteremshwa daraja. Nikamwambia: mzee, mwanao amegombaniwa. Wanafunzi wa namna hiyo ni wengi kila mwaka, na sijaona aliyesoma vibaya kwa sababu hiyo.

Pia mnaweza kuacha sehemu ya koleji bila jina, chuo kikuu chenyewe kiwapangie. Ni njia halali, na haimpunguzii mtu nafasi. Ila ukishapangiwa huwezi kubadilisha, na kwa mtoto anayetoka mbali mimi siipendi njia hiyo. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Muhula wa Oxford una wiki nane tu. Wiki ya nane ikiisha, koleji nyingi huwataka wanafunzi wahame, si kwenda matembezi bali kuondoa kila kitu chumbani: mashuka, vitabu, kikombe. Vyumba vile hukodishwa kwa wageni wa mikutano, na zamani Desemba walilala humo waliokuja kusailiwa, kabla usaili haujahamia mtandaoni. Mtoto wa Uingereza, kwake si tabu. Baba yake anakuja na gari asubuhi ya Jumamosi, wanapakia, wanaondoka.

Asubuhi moja ya Desemba nilikuwa napandisha ngazi na ndoo yangu. Juu, kwenye korido, nikamkuta binti amekaa juu ya sanduku. Pembeni yake kulikuwa na mfuko mweusi wa takataka, ndani yake blanketi lake limekunjwa vizuri. Saa nne ilikuwa imepita na ufunguo wake wa kadi ulikuwa umezimwa. Alikuwa anaongea na simu, kwa Kiswahili, sauti imechangamka kabisa: "Nimeshapata pa kukaa mama, usijali, pazuri tu." Akakata simu, akainamisha kichwa. Nikaweka ndoo chini, nikamsalimia. Aliruka kama aliyeshtuliwa usingizini. Mtoto wa Mwanza, mwaka wa kwanza, mkataba wa chumba alikuwa ameusaini Septemba bila kujua kwamba wiki zilizohesabiwa mle ndizo hizohizo za muhula. Tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi hakuwa nayo. Ofisini walimwambia nafasi za kubaki likizo ziliombwa mwezi uliopita na zimekwisha.

Wanangu, binti yule alikuwa na akili kuliko wengi niliowahi kuwatandikia. Alichagua koleji ile kwa picha ya bustani yake.

Basi swali la kwanza la kuwauliza watu wa udahili, tena kwa maandishi, ni hili: je, mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa kubaki chumbani likizo ya Krismasi na ya Pasaka, kwa bei gani, na anaomba lini? Halafu ulizeni kama kuna stoo ya kuweka masanduku yenu. Koleji zinatofautiana sana kwa hili. Zipo zinazokupa chumba kwa mkataba wa karibu mwaka mzima, zipo za wiki za muhula tu. Zipo zinazokuhakikishia chumba miaka yote ya masomo, na zipo zinazokuambia mwaka wa pili ukapange nyumba mjini. Kupanga huku si mchezo: wenye nyumba wengi wanataka mdhamini anayeishi Uingereza. Mwanafunzi asiye na ndugu huku hupata taabu kumpata. Jibu la barua hiyo lina faida kwenu kuliko orodha zote za koleji bora.

Swali la pili ni jiko. Msicheke. Majengo ya zamani mazuri yale, mengi hayana jiko la maana. Utakuta kichumba kidogo cha birika, friji na maikrowevu, na kupika kwa mafuta ni marufuku. Nimetolewa nje zaidi ya mara moja na king'ora cha moto kwa sababu ya mtu aliyekaanga kitunguu usiku, na nimemwona kijana akisonga ugali kwa maikrowevu, bakuli kwa bakuli, akikoroga na mpini wa kijiko. Aliyezoea kujipikia aulize jiko lina moto wa kupikia au halina. Anayekula halali aulize kama ukumbini ipo kila siku au mpaka aagize, na kama Ramadhani anaweza kuwekewa chakula, maana saa za ukumbi hazifuati saa za mfungo. Tena aulize kama kuna malipo ya jiko yanayokatwa ule usile. Watu wa Cowley Road, ninakonunua mihogo na bamia, wananijua kwa jina. Msikiti mkubwa wa Oxford uko upande huohuo, na walio koleji ya St Hilda's, ng'ambo ya daraja la Magdalen, wanakwenda huko kwa miguu bila kuingia mjini. Cambridge wana msikiti mpya tangu 2019, uko Mill Road. Tazameni ramani kabla ya kutazama picha.

Ramani itawaambia na habari ya umbali. Girton ya Cambridge ni koleji yenye heshima kubwa, ilianzishwa 1869 kwa ajili ya wanawake, na Elizabeth, binti mfalme wa Toro, Uganda, alipita hapo kabla ya kuwa wakili. Siku hizi inachukua wote. Lakini iko kilomita kama nne nje ya mji, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wapo wanaopenda utulivu ule, na bustani ni kubwa. Ambaye hajawahi kuendesha baiskeli kwenye baridi na giza afikirie mara mbili. Binti ambaye yeye au wazazi wake wangependa akae na wanawake watupu, Cambridge ina Newnham na Murray Edwards. Oxford haina tena tangu St Hilda's ilipofungulia wanaume mlango 2008.

Fedha. Oxford ada ya masomo haibadiliki kwa koleji. Cambridge, anayelipa ada ya wageni huongezewa ada ya koleji, nayo ni maelfu ya pauni kwa mwaka na kila koleji ina yake. Chumba na chakula vinatofautiana kote, na koleji nyingine zina mifuko ya kumsaidia mwanafunzi aliyekwama. Ulizeni bila haya. Hamtapunguziwa alama za usaili kwa kuuliza bei.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni koleji inachukua fani yenu, maana si kila koleji ina kila somo, na tazameni inachukua wanafunzi wangapi kwa mwaka katika somo hilo. Kuwa wawili ni upweke ukikwama kwenye kazi ya wiki saa sita usiku. Wakiwa sita au wanane utapata wa kugonga mlango wake.

Wenye miaka 21 na zaidi, mliofanya kazi kwanza, mna koleji zenu: Harris Manchester hapa, na Wolfson, Hughes Hall na St Edmund's Cambridge. Wanaokuja kwa shahada za juu wana nyingine zisizochukua wa shahada ya kwanza kabisa, kama Nuffield ya hapa, alikosomea Profesa Ali Mazrui shahada yake ya uzamivu ya 1966. Na tahadharini na jina la mji. Tom Mboya alisoma Ruskin College hapa Oxford 1955 na 1956, akafaidika sana, ila Ruskin haikuwa koleji ya chuo kikuu. Mtu akiwauzia nafasi kwenye "koleji ya Oxford", tafuteni jina la koleji hiyo kwenye orodha ya chuo kikuu chenyewe kabla hamjatoa hata senti.

Mnaofikiria Chuo Kikuu cha Durham, wao wana koleji 17 na hazifundishi. Ni makazi na urafiki. Maswali yangu ya chumba na jiko ni yaleyale.

Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, kwa hiyo amueni mapema. Fomu inafungwa tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za hapa, yaani saa mbili usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Msisubiri jioni hiyo, umeme mnaujua. Barua za kuuliza habari za likizo ziandikeni Agosti, watu wa udahili wakiwa na nafasi ya kuzijibu vizuri.

Binti wa Mwanza alikaa kwangu wiki tano mwaka ule, chumba cha uani. Kitanda chake bado kipo, na shuka nimebadilisha.

Shangazi yenu,
Oxford