Wapagazi wa vita kuu hawakuajiriwa, walikomandiwa

Mhariri, salaam,

Nimesoma ile makala yenu ya vita kuu ya kwanza huku kwetu na kuna sehemu imenikera sana, pale mlipoandika kwamba wapagazi "waliajiriwa" na jeshi la Waingereza. Waliajiriwa wapi jamani? Waingereza wenyewe wana neno la kazi ile, commandeer, yaani kutwaa watu au mali kwa nguvu kwa amri ya jeshi au serikali, na historia ya hilo neno inatuhusu kuliko watu wanavyodhani.

Neno lilitoka Afrika Kusini kwa Makaburu, wao wanasema kommandeer, nalo lilishuka kutoka Kiholanzi na Kifaransa. Kwao ilikuwa sheria, mwanaume wa miaka 16 hadi 60 akiitwa vitani anatoka na farasi wake, bunduki yake na risasi 30, na ofisa akihitaji ng'ombe au gari la kukokota anachukua tu. Waingereza walilidaka walipopigana na Makaburu huko Transvaal, Afrika Kusini, mwaka 1880 na 1881, na vita vyao vya pili vya 1899 hadi 1902 vikalisambaza kila gazeti. Kwahiyo sio kuteka kama majambazi wanavyoteka basi, hapa anayechukua ana cheo na ana karatasi, na wewe huna pa kushtaki.

Sasa angalieni nani aliletwa huku mwaka 1916 kuongoza jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani: Jan Smuts, Kaburu yule yule aliyeongoza komando, yaani kikosi cha Makaburu wapanda farasi, dhidi ya hao hao Waingereza mwaka 1901! Na ule utaratibu ulikuwa umeshafika, manake upande wa Kenya sheria ya kulazimisha watu kubeba mizigo ilipitishwa 1915, na 1917 ndo ikawa balaa, machifu wakaambiwa watoe vijana na vijana wakaswagwa. Tofauti ni kwamba Kaburu alitwaliwa pamoja na farasi wake, huku kwetu mtu mwenyewe ndo akawa farasi, anatembea miezi na mzigo kichwani, anapewa unga ambao hana muda wala kuni za kuuivisha vizuri, tumbo linaharibika, anakufa kwa kuhara damu njiani bila hata kusikia risasi. Walikufa hivyo maelfu kwa maelfu, na Wajerumani nao chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck walikamata watu vile vile, tusiwasafishe.

Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zote zimebeba jina la hicho kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Sanamu ya Askari pale Posta inawataja kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haisemi walipatikanaje, na nyie ndo mngetakiwa kusema.

Naomba sana msahihishe, andikeni walichukuliwa kwa nguvu kwa amri ya serikali, na wajukuu wao bado tupo tunasoma.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam