Malalamiko: neno la mwisho la mama pale gatini halisikiki, na sabtaito zenu zimekosea

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote hapo kwenye kampuni,

Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, nawaandikia kuhusu ile filamu yenu mlokuja kuipiga huku kwetu, ya mama na mwanawe aliyekimbia nyumbani akarudi baada ya miaka. Jina lake liko kwenye risiti nilizoambatanisha. Risiti ziko mbili manake mwanzo niliikodi kwa simu shilingi 250, siku mbili zikaisha nikaona haijanitosha, nikailipia moja kwa moja. Nyumbani tushaiangalia zaidi ya mara kumi. Nayasema haya mjue anayelalamika ni mtu anayeipenda hii filamu, si mtu aloangalia dakika ishirini akachoka.

Sasa shida. Ile sini ya mwisho, mashua ishang'oa, kijana yuko tezi anaangalia nyuma, mama amekaa gatini ameshika upindo wa buibui mdomoni, anasema neno moja halafu fidla inaingia na basi, filamu imekwisha. Hilo neno hatulipati! Na hilo neno ndio filamu yote jamani, manake kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kuja ni kuya, kwa hivyo kama mama amesema "uye" basi anamwambia mwanawe aje, amemsamehe, kijana anaondoka na radhi ya mamake. Kama amesema "usiye" basi amemkataza asikanyage tena pale. Tofauti ni silabi moja tu, "si", na hiyo silabi mmeiacha iliwe na upepo.

Bibi yangu anaapa ni "uye", anasema mama hawezi kumwambia mwanawe vile na mashua iko majini. Ami yangu ambaye amekuwa nahodha maisha yake yote anasema ni "usiye", ati ameisikia ile "s" wazi. Wameshindana barazani mpaka majirani wakaingia, kila mtu akaletewa simu asikilize. Nimejaribu hedifoni, nimejaribu laptopu, ndugu yangu akaipunguza spidi nusu ikawa mbaya zaidi, sauti inavutika kama mtu yuko ndani ya pipa. Midomo nayo hatuwezi kuisoma, si imefunikwa na buibui.

Nikasema basi niwashe sabtaito za Kiswahili, nimalize ubishi. Zimeandika "Ujue, mwanangu." Ujue nini? Hakuna neno kama hilo pale, na "mwanangu" hakusema kabisa, mtu ameongeza kutoka kichwani mwake. Ndipo nikarudi mwanzo nikaziangalia zote na wallahi nilisikitika. Mama anamwita mtoto "ndoo nde", yaani njoo nje, nyinyi mmeandika "ndoo iko nje", na hakuna ndoo popote kwenye sini ile. Mahali anasema "mato yangu", yaani macho yangu, mmeandika "mtoto wangu", na yule mama wakati ule analia kwamba haoni vizuri, hazungumzii mtoto. Inaonyesha wazi alozifanya ni mtu anayejua Kiswahili cha shuleni akawa anabahatisha, na hakuna aliyeulizwa huku hata mmoja. Mlikaa Lamu wiki ngapi mkipiga filamu, mkala kwetu, mkakodi punda na mashua zetu, mkashindwa kumpa mtu wa hapa simu asikilize saa mbili?

Kuhusu sauti yenyewe, nilimuuliza fundi wetu wa spika za harusi, akanieleza kwamba filamu nyingi hutengenezwa kwa spika tano na moja ya besi, na maneno ya waigizaji hutiwa zaidi kwenye ile spika ya katikati. Sisi tuna TV bapa ya kawaida, spika mbili ndogo ziko mgongoni zinaangalia ukuta, kwa hivyo zile sauti zote zinakunjwa ziingie humo mbili na kama hamkuzipima kwa TV kama yetu maneno yanazama chini ya muziki. Ndio maana usiku naishi na rimoti mkononi, wakiongea napandisha, ngoma zikiingia nashusha haraka manake nyumba zetu zimebanana, vichochoro vyembamba, na jirani ana mtoto mchanga.

Na ile sini ya mwisho mliipiga wakati wa upepo wa kusi. Inaonekana kwa tanga na kwa buibui linavyopepea. Kusi inavuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mtu yeyote wa gatini angewaambia maiki haitawezana na upepo ule hata uivishe kava la manyoya. Mngeweza kumrudisha yule mama studio aliseme neno lake upya, ni neno moja!

Najua mnaweza kunijibu kwamba ni sanaa, mlitaka lisisikike. Christopher Nolan, yule mwongozaji wa filamu, alilalamikiwa hivyo hivyo kwa filamu yake Interstellar ya 2014 na akasema wazi alikusudia, kwamba wakati mwingine maneno anayatumia kama sauti tu kati ya sauti nyingine. Sawa, lakini mngekusudia hivyo sabtaito isingeandika "ujue", ingeacha kimya. Na huku kwetu maneno ya mama kwa mwanawe hayachezewi. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtungia binti yake utendi, na bibi yangu anaujua beti kwa beti mpaka leo, kila neno liko mahali pake. Yeye ndiye ameinamia TV anauliza huyu mama amesema nini.

Naomba sabtaito ziandikwe upya na mtu anayezungumza Kiamu, za Kiswahili na za Kiingereza pia, manake nikiangalia zile za Kiingereza zimefuata makosa yale yale. Naomba muweke na sauti ya spika mbili iliyopimwa kwenye TV ya kawaida. Pesa zangu sizitaki. Hayo najua yatachukua muda, lakini moja mnaweza kulifanya leo: fungueni skripti ukurasa wa mwisho, ama mpigieni yule mama aloigiza, mniandikie ni "uye" au "usiye". Msiniambie kila mtu aelewe atakavyo. Ami anasafiri Jumatano na anataka jibu kabla hajang'oa nanga.

Mteja wenu,
Langoni, Lamu